Kuonja Chakula cha Mshukiwa

Askari alikuwa ndio kwanza amegonga muhuri kwenye karatasi za marehemu mke wangu, nami nageuka kuondoka, mama mmoja wa Khwisero alipoweka kapu kwenye kaunta ya polisi.

"Ni obusuma na ingokho. Ya mwanangu, yule mnasema ni gaidi."

"Onja kwanza, mama. Pengine umetia sumu."

Akaonja ugali. Sahani ya kuku akaisukuma kando. "Sisi wanawake wa zamani hatukulanga ingokho, afande. Ni mwiko."

"Basi rudi nayo. Gaidi hana haki ya kuku."

"Ameshtakiwa?" nikauliza.

"Bado tunachunguza, mwalimu. Wiki ya tatu sasa."

Nikachukua firigisi, ile ambayo mke wangu aliniwekea kila Jumapili, nikaitafuna pole pole. Askari alinitazama kuona kama nitaanguka. Sikuanguka. Kapu likapelekwa ndani.

Sijui kama kijana yule ana hatia. Hilo ni la hakimu, na hakimu hajamwona. Siku ile kuku peke yake ndiye aliyechunguzwa, akaachiliwa.

Kesho yake asubuhi nilimtangulia mama kwenye kaunta, kabla sijala.