Samaki wa kuwakaribisha wageni

Jamani, leo tumewafukuza wageni kwa chakula.

Asubuhi lori la DC liliishusha hapa Ngao familia ya wafugaji waliohamishwa na mafuriko. Sisi akina mama wa kanisa tukasema hawatalala njaa kwetu.

Tukapika samaki wa nazi, wale wakubwa.

Mama wa watoto akatazama sufuria, akawavuta wanawe karibu.

"Tumeshiba, dada."

Wifi yangu akanuna. "Wanaringa hawa."

Wakashika njia na njaa yao.

Ndipo mvushaji wa mtumbwi aliyewavusha mto akatuambia kwamba wafugaji hao hawali samaki kabisa.

Na mikungu ya ndizi mbivu ilikuwa pale pale uani. Watoto walikuwa wameiegemea muda wote.

Hakuna aliyewauliza wanakula nini.

Nyinyi mngeuliza?