Anayeomba Kura Aanze kwa Kusikiliza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kelele zake bado nazisikia masikioni. Ni siku baba yako, kaka yangu Linus, alipochekwa hadharani pale Matogoro. Nataka nikusimulie, kwa sababu jana umekuja kwangu hapa Mfaranyaki macho yamevimba. Umeniambia kwamba mpinzani wako katika uchaguzi amerusha klipu kwenye simu za watu, anakuita mtoto wa mjini aliyekuja kuwafundisha wanawake kuwadharau waume zao, eti kwa kuwa umesema mjane asinyang'anywe shamba. Ukaniuliza, "Shangazi, ukweli ninao, mbona hawanisikii?" Nilikupa ugali na likolo, nikakwambia ulale kwanza. Mboga za majani na usingizi vimeponya wengi. Sasa umeamka, kaa hapa karibu yangu unisikilize.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Diwani wetu alikuwa amefariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na baba yako akajitosa. Alikuwa ametoka kusoma kilimo Morogoro, kijana mwembamba, mwenye moyo safi kama maji ya mlimani. Jambo lililomkereketa ni chemchemi zetu. Watu walikuwa wamelima bondeni hadi kwenye macho ya maji, na yeye alijua kwamba tukiendelea hivyo, wajukuu wetu watakuja kuchota tope. Alikuwa na haki, mwanangu. Hilo ulishike kwanza. Katika yote nitakayokusimulia, Linus alikuwa na haki tangu mwanzo, na haki yake haikumsaidia kitu.

Mpinzani wake aliitwa Kasiani. Sitamsema vibaya, ametangulia mbele ya haki, na wakati wa uhai wake alijua kucheka na watu. Alijua jina la kila mama sokoni, alijua nani ana mtoto mgonjwa. Akipanda jukwaani anacheza ngoma kwanza, ndipo anasema. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kwa kila shida ya watu alikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Na msimu ule shida ilikuwepo. Mbolea ya kukuzia ilikuwa haijafika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yameanza kugeuka njano, na mvua ilikuwa inanyesha bure.

Basi siku hiyo Linus alifanya mkutano. Mimi nilikuwa nawaongoza akina mama kuimba kabla hajapanda, na tuliimba vizuri, watu wakaja wengi. Akapanda. Akaanza kueleza mizizi ya miti inavyoshika maji, na uhifadhi endelevu, na vyanzo, na maneno mengine ambayo hata mimi dada yake niliyasikia yakipita juu ya kichwa kama ndege. Katikati ya maelezo, mama mmoja akasimama. Alikuwa Bi Zuhura, mjane wa Kiyao aliyekuwa jirani yetu wa upande wa mtoni, amelea watoto wake na nusu ya watoto wa wengine.

Akasema, "Mwanangu, nakusikia. Lakini mbolea je?"

Na Linus, Mungu amrehemu, akajibu kwa adabu kabisa, "Mama, swali lako ni zuri, ila liko nje ya mada ya leo."

Ee mwanangu! Watu walicheka. Hawakucheka kwa furaha, walicheka kama mtu anayecheka ili asitukane. Bi Zuhura alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka taratibu, na wengine wakamfuata, hadi Linus akabaki anawahutubia watoto waliosubiri tuimbe tena. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kesho yake Kasiani alikuwa jukwaani anawaambia, "Mmesikia? Njaa yenu kwao iko nje ya mada!" Na hapo hakuwa amesema uongo, jambo ambalo lilituuma zaidi.

Jioni ile Linus alikataa kula. Akamwambia baba yetu, "Baba, watu hawa hawataki ukweli. Chema chajiuza, lakini hapa hakuna mnunuzi."

Baba yetu alikuwa katekista, mtu wa maneno machache. Alimaliza kunawa mikono, akasema, "Hata chema hubebwa kikapelekwa sokoni, na anayekibeba huinama. Wewe umesimama tangu ulipotoka chuoni. Yule mama amekuuliza habari ya tumbo la watoto wake, ukamsahihisha kama daftari la mwanafunzi. Kesho nenda kwake. Usiende na bango, wala usiende na maji yako ya chemchemi. Nenda na masikio."

Linus alikwenda, na mimi nilimsindikiza. Tukamkuta Bi Zuhura anapalilia. Linus akamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba" ya mbali, bila kuinua kichwa. Kaka yangu akaanza kuomba radhi kwa maneno marefu. Mama akamkatiza. "Baba, jembe jingine lile pale." Basi tukapalilia. Tulipochoka tukakaa kwenye tuta, na hapo ndipo yule mama alipofungua moyo wake. Alisema jinsi alivyochagua kulima bondeni baada ya mumewe kufa, kwa kuwa ndugu wa mume walichukua shamba la juu. "Mkisema tuhame bondeni," alisema, "wengine mnatuambia tuhame duniani." Nilimtazama Linus. Alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya bonde lile, na hakuwahi kuuliza ni nani waliomo na kwa nini wako humo. Akauliza, "Na shamba la juu, mama, nani analilima sasa?" Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake, lakini unaweza kumuuliza anayekilalia.

Ningependa kukwambia kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Kasiani alikuwa amekwisha kupata mtu wa kumnyooshea kidole.

Palikuwa na mfanyabiashara tuliyemwita Baba Neema, mtu wa kuja, kutoka mkoa mwingine. Alikuwa na duka la mbegu na majembe pale barabarani. Kasiani akasema mkutanoni kwamba mbolea imejaa stoo kwa yule mgeni, anangoja bei ipande. Hakuiona, lakini aliisema huku akicheza, na neno linalochezewa ngoma huingia upesi. Asubuhi iliyofuata vijana walikusanyika, wengine na mawe, mmoja na dumu la mafuta ya taa. Nyuma yao wazee. Nyuma ya wazee akina mama, na Bi Zuhura alikuwa miongoni mwao, uso umekaza.

Habari zilipofika nyumbani, wenzake Linus wa kampeni walimwambia waziwazi, "Leo usitoke. Ukimtetea mgeni, umekwisha." Nami nilimshika mkono. Sikutaka azikwe kwa ajili ya duka la mtu. Akautoa mkono wangu polepole, akasema, "Dada, nikijificha leo, nikishinda nitakuwa diwani wa nini?" Akatoka, nami nikamfuata.

Alisimama mbele ya mlango wa duka. Ndani tulisikia mtoto analia na mama yake anambembeleza. Nilifikiri kaka atahutubia juu ya sheria na umoja wa taifa. Hakufanya hivyo. Alivua kofia, akawaamkia wazee wote, "Shikamooni," na kwa mazoea tu wazee wakaitikia. Mtu aliyekwisha kuitikia salamu, mwanangu, mkono wake wa jiwe hulegea kidogo.

Akasema, "Mmekasirika, na mnayo sababu. Nimepita mashambani, nimeona mahindi. Mngekuwa hamkukasirika ningewashangaa."

Kijana mmoja akapiga kelele, "Wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa mahindi yako," Linus akamjibu. "Ndiyo maana nakuuliza: ukilichoma duka hili sasa hivi, kesho yatakuwa ya kijani?"

Mawe hayakuwekwa chini. Ndipo akageuka, akamwita Baba Neema kwa sauti ya kawaida, akamwuliza kama angeridhia mtu mmoja aingie aone stoo. Mlango ukafunguliwa kidogo. Linus akasema, "Nisiingie mimi, mtasema nimehongwa. Mchagueni mnayemwamini." Watu wakatazamana, kisha sauti nyingi zikasema, "Bi Zuhura!"

Aliingia. Kwangu mimi alikaa humo mwaka mzima. Alipotoka alikuwa amemshika mkono mke wa Baba Neema, mwenye mtoto mgongoni, na akasimama naye pale mlangoni ili kila mtu amwone.

"Wallahi, hamna mbolea humu," alisema. "Kuna majembe, kuna mbegu, na kuna huyu binti anayetetemeka. Naye anaingoja mbolea kama sisi. Kijana, hilo dumu rudisha kwa mama yako, anataka kuwashia taa."

Kuna waliocheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenye haya. Lakini hasira, mwanangu, haifi kwa kuambiwa imekosea njia. Ukiinyima njia mpya hurudi ile ya zamani. Linus alikuwa amekwisha kulifahamu hilo. Akasema, "Mbolea haipo hapa, basi iko wapi? Mimi sijui, na nikiwaambia najua nitakuwa mwongo. Wanaotakiwa kujua wana ofisi mjini. Twendeni tukawaulize wote, na kila mtu abebe shina moja la mahindi kutoka shambani kwake." Tukang'oa mahindi ya njano, tukayabeba begani, tukaenda kwa miguu hadi mjini, tukiimba. Baba Neema naye alikuwemo, kwani mzigo wake alikuwa ameagiza na haujafika.

Njiani tulipovuka kijito, Bi Zuhura alimvuta Linus kwenye mkono wa shati. "Haya, mwanangu. Yale ya chemchemi ulikuwa unatuambia nini siku ile?" Na kaka yangu akamweleza, kwa Kiswahili cha kawaida na Kingoni kidogo, wakitembea bega kwa bega. Alimwambia pia kwamba hakuna atakayehama bondeni kabla wajane hawajarudishiwa mashamba ya juu, na kwamba akisahau neno hilo amwumbue mbele ya watu. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia yule mama anasema, "Kumbe!" Ni yaleyale ambayo Linus aliyasema jukwaani. Jambo lilikuwa lile lile, aliyebadilika ni msemaji, kwa kuwa sasa alikuwa anamjua anayesema naye.

Mjini tuliwauliza wenye ofisi, wakaahidi, na mbolea ilikuja, ingawa haikutosha, na mashamba mengine yalikuwa yamekwisha kuharibika. Duka la Baba Neema halikuguswa. Na kura? Linus alishindwa. Ndiyo, alishindwa. Debe la Kasiani lilivuma hadi mwisho, na wapo waliotembea nasi hadi mjini, kisha wakaenda kumpigia yeye.

Siku ya matokeo tulikaa nyumbani kama watu waliofiwa. Bi Zuhura akaja na kikapu cha maharage, akakiweka miguuni kwa kaka. "Mimi nilikupigia," alisema. "Wengine hawakukupigia, na wameona haya kuja, ila maharage haya wamechanga na wao. Kesho tunaenda kwa wazee kudai shamba langu la juu. Utakuja, au mpaka uwe diwani?"

Baba yako alikwenda. Akaendelea kwenda, kwenye misiba, kwenye vikao vya mashamba, kwenye harusi alizokaribishwa na asizokaribishwa, bila bango na bila kipaza sauti. Uchaguzi mkuu ulipokuja, hakuwa na haja ya kujitambulisha, na safari hii alishinda. Ile miti unayoiona leo bondeni walipanda wenyewe wenye mashamba, na shimo la kwanza alichimba Bi Zuhura, alipokwisha kurudishiwa shamba lake la juu.

Basi, mwanangu, hili ndilo jibu langu. Usiwadharau wanaomshangilia mpinzani wako. Hawashangilii uongo, wanashangilia kuonwa. Yeye amewaona, ingawa amewaona ili awatumie. Wewe waone ili uwatumikie, na uwaone kwanza kabla hujawaambia unachokitaka. Mtu akikuuliza habari ya mbolea, mjibu habari ya mbolea. Kama hujui, sema hujui, kisha mwende pamoja mkaulize. Hiyo klipu usiijibu kwa klipu, utashinda mchana kutwa unagombana na kioo cha simu huku wenye kura wako mashambani. Nenda kwa wale wanaume wanaoogopa kwamba utawaharibia nyumba, uwasikilize hofu yao hadi mwisho, hata ikikuchoma. Wana dada, wana mama, wana binti, wataelewa habari ya mjane mkiisema mmekaa mkeka mmoja.

Lakini usiuze neno lako ili upendwe. Watakapokuja kukuonyesha mtu wa kumchukia, awe mgeni, awe wa dini nyingine, awe maskini kuliko wao, simama mlangoni kwake hata kama kura zitapungua. Kura hurudi. Nyumba ya mtu ikiungua, na moyo wako ukiungua nayo, havirudi. Na ukishindwa, usisuse. Kesho yake asubuhi nenda msibani kama ulivyokuwa unakwenda.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba yako akupe ulimi mpole na magoti yasiyochoka. Akupe usingizi siku ya kushindwa na aibu njema siku ya kushinda. Kila mlango utakaobisha, akutangulie kuufungua, na utokapo humo waliomo wabaki na nguvu kuliko ulivyowakuta. Nenda, mwanangu. Nenda salama.