Siku Wivu Wangu Ulipotangazwa Uwanjani

Nichekeni sasa hivi kabla sijaanza, tumalizane, maana mwishoni mtacheka tu, na mimi nimeshazoea: hapa Likasi kuna watu wasiojua hata jina langu la ubatizo, lakini tukikutana sokoni wananiwekea ngumi mdomoni kama mtu aliyeshika maikrofoni, wanasema "Allo, allo!" na kupita zao. Aibu ile ni yangu, sikusingiziwa na mtu. Niliitafuta mwenyewe.

Naitwa Dido. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo chetu, chuo kidogo kweli (ukipiga chafya mlangoni, mtu wa darasa la mwisho anakwambia pole), na timu yetu ya mpira ilikuwa ndogo kuliko chuo chenyewe. Kocha alikuwa Papa Ngoy, fundi umeme mstaafu wa kiwandani, mzee wa maneno machache, na alikuwa na sharti moja tu: mchezaji akiumia aseme, na akisema anakaa benchi mpaka apone. Ukimficha, shauri yako.

Mimi mpira siwezi. Miguu yangu Mungu aliiunda jioni, akiwa amechoka. Lakini mdomo ninao, kwa hiyo wakanipa kazi ya kutangaza mechi. Tulikuwa na sono yetu: spika mbili zimefungwa juu ya kamioneti ya chuo, zimeelekezwa uwanjani, nyuma ya gari jenereta, na rafiki yangu Fiston ndiye mwenye kupiga muziki na kuitunza hiyo jenereta. Mama yangu naye alikuwa anakuja na ndoo yake ya munkoyo, anauza kinywaji pembeni ya uwanja na kuwaambia wateja, "Ule anasema mu spika, ni mutoto yangu."

Na kulikuwa na Solange, mchumba wangu. Binti wa mtaa wa Shituru, wa zile nyumba za kampuni karibu na reli, baba yake fundi wa treni. Alikuwa amejifunza huduma ya kwanza parokiani, basi timu ikampa mfuko wa dawa: pamba, bandeji, chupa ya maji baridi. Mchezaji akianguka, yeye anaingia. Nilikuwa natamba jamani. Sauti ya timu ni mimi, mikono ya timu ni mchumba wangu, nini tena?

Halafu akaja Patient.

Alitoka Mulungwishi, mshambuliaji, mrefu, mpole, kichwa kimenyolewa pembeni na juu kimeachwa kama jogoo. Mechi ya kwanza ya msimu, mvua bado haijaanza, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, Patient akafunga mabao mawili na chuo kikashinda mechi ya kwanza kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma pale. Nilipiga kelele mpaka nikakauka koo. Nilimwita simba, nilimwita radi, nilimwita dawa ya malaria. Wivu ulikuwa bado haujanipata, mnaona?

Ulinipata baadaye kidogo, nilipoanza kuangalia miguu ya Solange. Akianguka mchezaji mwingine yeyote, Solange anatembea. Akianguka Patient, Solange anaruka! Nikajiambia labda ni bahati tu. Baada ya mechi nikazunguka nyuma ya darasa wanalovalia wachezaji, nikawakuta wawili, Patient ameketi kwenye tofali, mguu umenyooshwa juu ya mapaja ya Solange, na waliponiona wakanyamaza kama watoto walioiba sukari.

"Munaongea nini?" nikauliza.

"Bule tu," Solange akajibu, na akakunjua mguu wa suruali ya yule bwana mpaka kwenye kiatu.

Bule tu, eti hakuna kitu! Nyinyi mngelala usingizi?

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa ajabu. Nilienda kwa kinyozi nikasema ninyoe kama Patient (kichwa changu si cha jogoo, nilitokea kama nanasi). Nikaanza pompe, yale mazoezi ya kulala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono, kila asubuhi nyuma ya choo cha nyumbani ili wadogo zangu wasinione. Solange je? Hakuona nywele, hakuona mikono, kitu.

Mechi ya pili tulienda Kapolowe, tukashinda tena, Patient tena. Wakati wa kurudi nilikuwa nimeshakaa mbele kwenye kamioneti, kando ya dereva, nafasi ya mtangazaji, kila mtu anajua. Solange akaja dirishani.

"Dido, muachilie Patient pale mbele, weye ukae nyuma."

"Juu ya nini?"

"Juu minye nakuomba."

Nikashuka. Nilirudi Likasi nimekalia jenereta, nanusa petroli, na kwenye kioo cha nyuma naona kichwa cha jogoo kinapumzika mahali pangu. Nikaapa moyoni: jina la huyu mtu halitatoka tena mdomoni mwangu. Huo ndio uamuzi wenyewe, ndugu zangu, mdogo kama mbegu ya nyanya, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

Mechi ya tatu ilikuwa ya nyumbani, tunacheza na vijana wa Shituru. Tulikuwa tumeshinda mbili, basi watu walijaa mpaka juu ya ukuta, maprofesa, akina mama wa kwaya, watoto wa reli na vuvuzela zao. Tukapata bao la kwanza, akafunga beki, nikalitaja jina lake mara nyingi mpaka akanishangaa. Kisha Patient akachukua mpira katikati, akapita mmoja, akapita wa pili, akamlaza kipa, bao! Uwanja mzima ukasimama. Mimi nikasema kwenye maikrofoni, polepole kama mtu anayesoma matangazo ya misa, "Mpira umeingia golini."

Mtu mmoja juu ya ukuta akapaza sauti, "Nani alifunga?"

"Timu," nikajibu. "Imefunga timu."

"Sema jina!" wakaanza. "Sema jina! Sema jina!" Nami nikasema upepo ulikuwa mkali, na kipa wa Shituru jua lilimpiga machoni, tumwonee huruma. Papa Ngoy aligeuka akaniangalia. Solange naye aliniangalia, na macho yake siyapendi hata leo nikiyakumbuka.

Mapumziko yakafika tukiongoza mbili bila. Fiston akaweka muziki, mara jenereta ikakohoa, ikazima: petroli imeisha. Nikabonyeza kitufe cha maikrofoni, allo, hakuna kitu. Nikabonyeza tena, allo, hakuna. (Sasa niambieni, bila umeme mtu atajuaje kama ameizima au ameiwasha? Ilikuwa ya kisasa, haina hata waya wa kukushika ukitaka kwenda mbali.) Nikatoka nayo mkononi, nikamvuta Solange nyuma ya kamioneti, pale kwenye jenereta, mahali pa siri.

Fiston akaja na kidumu, tukanyamaza. Akamimina petroli, akavuta kamba, jenereta ikanguruma, akaenda kumrudishia dereva kidumu chake. Kelele zilikuwa nyingi, basi ikabidi nipaze sauti.

"Solange, sema kweli. Iko nini kati yenu na Patient?"

"Dido, haiko pahali ya kuongelea ile maneno."

"Ni hapa hapa! Akianguka, weye unakimbia sawa nyumba inaungua! Minye niliangukaga kwa ngazi ya bibliotheki na vitabu mukononi, haukuuliza hata 'ulivunjika?'"

"Dido, teremusha sauti."

"Siteremushi! Nilinyoa nywele sawa yeye, haukuona! Nafanya pompe kila asubuhi nyuma ya choo ya mama yangu, mikono inatetemeka, mbuzi ya jirani inaniangalia, haukuona! Niambie minye nakosa nini! Ni miguu? Ndiyo, ni myembamba, miguu ya kuku, najua!"

Nilisikia kicheko kikubwa kutoka uwanjani. Nikafikiri kuna mlevi amevamia uwanja, na kusema kweli nilisikitika kwamba sikuwapo kumtangaza.

Solange machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira. Akanikaribia mpaka maikrofoni ikawa katikati ya vifua vyetu.

"Ni goti!" akapiga kelele. "Goti yake ya kuume, Dido! Inavimba kila mechi. Aliniomba nisimwambie Papa Ngoy, juu Papa akijua atamutosha mu timu, akae benchi. Namufunga bandeji, basi! Ni ile tu! Njo siri yenyewe!"

Kicheko kikakatika ghafla. Fiston akatokea mbio, kidumu bado mkononi.

"Micro! Dido, micro!"

"Micro imefanya nini?" nikauliza, na ng'ambo ya kamioneti, juu ya uwanja wote, sauti yangu ikauliza, "…imefanya nini?"

Sijui kama mmewahi kutamani ardhi ipasuke. Mimi niliiomba kabisa, kwa jina la Baba na la Mwana. Haikupasuka. Nikatoka nyuma ya gari kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kutoka, na watu wote, maprofesa, kwaya, watoto wa ukuta, walikuwa wamenigeukia. Mama yangu alikuwa amefunika ndoo ya munkoyo, na yeye mwenyewe amejifunika kichwa chote kwa kitenge.

Papa Ngoy hakuwa hata na haja ya kupaza sauti. Alimwita Patient, akapiga goti moja mbele yake kama fundi anayekagua mashine, akabonyeza kwa kidole gumba. Patient akaruka kwa maumivu.

"Kaa," mzee akasema.

"Papa, nakuomba, nusu saa tu…"

"Kaa."

Kisha akanyoosha mkono kwa Solange, na Solange akautoa mfuko wa dawa begani, akampa. Mzee akanigeukia mimi, nami nilikuwa nimeshaiweka maikrofoni juu ya boneti, nataka kupotelea kwenye mahindi ya watu.

"Weye, chukua ile kintu yako. Ulianza, utamaliza."

Basi nikatangaza kipindi cha pili. Bila Patient timu yetu ilikuwa kama chungu kisicho na kitako, kila tunachoweka kinamwagika. Shituru wakapata la kwanza, nikalitangaza. Wakasawazisha, nikatangaza. Na kila nikifungua mdomo uwanja mzima, wa kwetu na wa kwao, unaitika, "Pompe! Pompe!" Bao la tatu la Shituru nililitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia ya baba yake. Hivyo ndivyo tulivyopoteza mechi tuliyokuwa tumeshaishinda, na kila mtu alijua nani ameipoteza.

Watu walipopungua nilimfuata Patient kwenye benchi. Nilitarajia ngumi, na kweli ningeipokea kwa shukrani. Alikuwa ameweka mguu juu ya mpira, macho mekundu.

"Ungeniuliza, Dido," akasema. "Ungeniuliza tu, ningekuambia. Tungekuwa batatu ba kulinda ile siri." Akaniangalia kichwani kwa muda. "Na ule kinyozi, usirudie kwake."

Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliniisha pale. Wapi! Hata alipokuwa ananihurumia nilimwonea wivu, safari hii kwa huo moyo wake, ambao kwa kinyozi hautengenezwi.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda Shituru kwa wazazi wa Solange. Alikuwa anaanika nguo uani. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama karibu na kamba, nikanong'ona, "Solange, unisamehe."

"Sikusikia."

"Unisamehe."

"Dido, ile siku ulisema kwa Likasi yote. Leo samahani unaniletea mu masikio?" Akachukua shati lingine, akalikung'uta. "Sema sawa ile siku."

Sasa mkumbuke tuko Shituru. Nyumba za kampuni zimebanana, ua kwa ua. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele, "Solange, unisamehe! Nilikusingizia bule! Haukukosa kintu!" Vichwa vikatokea juu ya ukuta, wa kulia, wa kushoto, watoto, akina mama na miiko ya bukari, ugali wetu, mikononi, na mzee mmoja wa reli akanitambua, akapiga makofi.

"Ni yeye! Mutoto, aksanti sana kwa zile goli tatu!"

Solange aligeuza uso akauficha kwenye shuka lililolowa. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, sikuthubutu kuuliza. Aliponitazama tena alisema, "Wivu, minye naweza kuivumilia. Lakini kama unaamini macho yako kupita mudomo yangu, basi tafuta mwengine." Akanipa beseni tupu nimshikie. Sikupewa jibu lingine siku hiyo, na sikuliomba.

Patient alipumzika mpaka mvua zilipotulia, goti likapona, akarudi, na Papa Ngoy akamrudishia Solange mfuko, safari hii kwa ruhusa ya kukimbia anavyotaka. Mimi sitangazi tena, nakaa na watazamaji. Solange akiingia uwanjani mbio bado nazihesabu hatua zake, nisiwadanganye, nazihesabu kama mtu anayedai deni. Lakini nimejiapiza: kitu kikinikera moyoni, nitakwenda kumuuliza mwenyewe, mapema, mikono mitupu, na kwa sauti ya chini.