Mlango wa Moyo wa Mama Vifungo

Mama yangu hushona sare za shule, na mtaa mzima humwita Mama Vifungo, kwa sababu mtoto akipita barazani kwake na shati lililopungukiwa kifungo, humkamata kola na kumshonea papo hapo, amesimama. Hajui kwenda polepole. Hukanyaga cherehani huku anaimba, hukata kitambaa huku anaomba, na akishangilia kanisani, waliokaa mbele yake huziba masikio. Mimi ni kitinda mimba wake. Domo nimelirithi, imani nilikuwa nimemwachia mwenyewe.

Mwaka jana pumzi zikaanza kumkatika. Akikanyaga cherehani dakika tano tu, anahema kama aliyepanda ghorofa kumi. Nikamburuta hospitalini. Baada ya wiki mbili za vipimo, daktari wa moyo, mwanamume mkavu asiyejua kucheka, akatuketisha.

"Mama, mlango mmoja wa moyo wako umelegea, haufungi vizuri. Itabidi tuufungue moyo, tuutoe huo mlango, tuweke mpya. Tusipofanya hivyo, sidhani kama utaumaliza mwaka."

Mimi nilisikia kifo. Mama alisikia jambo jingine kabisa.

"Mlango wa moyo?" Akasimama. "Baba, mlango huo nilimfungulia Bwana nikiwa na miaka kumi na miwili. Yumo humo mpaka leo. Sasa wewe uje na visu vyako umsumbue?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Mama, huo ni mlango wa nyama!"

"We nyamaza. Umewahi kuuona?"

Sikuwa nimewahi. Basi akakataa kutia sahihi. Hiyo ilikuwa Jumatatu, na upasuaji ulikuwa umepangwa Alhamisi. Akaja kaka, akaja shangazi, hata mchungaji akaja na kueleza kwa utaratibu kwamba moyo anaouhubiri yeye si ule wa daktari. Mama akaitikia, "Amina, mchungaji," na kalamu hakuigusa. Nilitoka nikaenda kulia chooni kwa hasira. Mama akifa kwa ajili ya neno moja tu, nitamlaumu nani?

Jumatano asubuhi, akiwa kitandani wodini walikomlaza tangu Jumatatu, pumzi zikambana ghafla. Midomo ikabadilika rangi. Nikapiga kelele, manesi wakaja mbio na mtungi wa oksijeni, mmoja akanisukuma pembeni. Katika purukushani ile nikauona uso wa Mama. Hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza sauti ya chumba cha pili.

Pumzi ziliporudi, akaivua barakoa ya oksijeni kwa pupa.

"Yupo! Mwanangu, yupo! Mlango umelegea mwaka mzima, na hajatoka! Kumbe si mlango wangu unaomzuia asitoke!"

Anacheka, analia, nesi anamsihi arudishe barakoa, hasikii la mtu.

"Miaka arobaini na minane nimejifanya mlinzi wake! Mimi! Kumbe mlinzi ni Yeye! Hebu leteni hiyo karatasi kabla sijafa bure!"

Alitia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Alhamisi wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji huku anapunga mkono kama bibi harusi. Nikabaki kwenye benchi. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Saa ya nne nikaishiwa maneno yote, mimi na domo langu, nikasema tu, "Kama kweli unakaa mle, kaa." Nikatulia. Jinsi nilivyotulia sijui kueleza, ila nilijua wazi kwamba sikai peke yangu kwenye benchi lile. Nilitaka kuruka nimkumbatie mfagizi aliyekuwa akipita!

Jumamosi daktari alikuja kumwangalia. Mama, sauti bado imemkauka, akamdaka mkono.

"Baba, ulipoingia mle, ulibisha hodi?"

Nikafumba macho kwa aibu. Daktari akaweka faili chini, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilibisha," alisema. "Siku ile niliingia na hofu, mama, sikukwambia. Nikakaribishwa."

Mama akapiga kigelegele, mshono ukamuuma, akapiga tena.