Kazi ya Bure

Tangu miguu imkatalie usukani, dereva mstaafu alitengeneza mabasi ya kuongeza kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha magari, akayagawa bure mtandaoni. Wachezaji walimwita Babu Gia. Basi la mwisho lilimchukua miezi minane. Honi aliirekodi mwenyewe, na ubavuni aliandika "Mama Mapacha", jina analomwitia mkewe.

"Ukitoa bure, Baba Mapacha, wanaona ni kazi bure," mkewe alimwambia. "Hili liuze, upate kompyuta nyingine. Hii inahema kuliko wewe."

Akaliwekea bei. Matusi yakamiminika kwamba babu kaingiwa na tamaa, kisha kimya.

"Wamenunua wangapi?" mkewe aliuliza baada ya wiki.

"Mmoja."

Huyo mmoja alikuwa amelimwaga mtandaoni, bure kwa wote. Babu Gia alifungua picha ya basi iliyowekwa na mchezaji mmojawapo, akaona taa zake, viti vyake, na ubavuni, mahali pa jina, rangi tupu.

"Hebu na mimi nijione," mkewe alisema, akivuta kiti.

"Imekata roho," alimjibu, kidole kikiwa bado kwenye kitufe cha kuzimia kompyuta.