Chumvi Iliyopanda Kwenye Tangi la Bi Zuhura

Hoteli nzima hapa Kayanga imeshanicheka, kwa hiyo nanyi chekeni tu. Bi Zuhura, mwenye hoteli, alileta samaki wa baharini kutoka kwao Tanga akanikabidhi tangi lao la kioo. Kila asubuhi nilidondosha tone la maji ya tangi kwenye kipimo cha chumvi, nikachungulia mara mbili. Chumvi ilitakiwa isome thelathini na tano. Ikapanda thelathini na saba, kisha arobaini, na samaki mmoja akafa.

Kipimo hakikosei. Kuna mtu alikuwa anatia chumvi, na mwenye chumvi ni Mama Koku, mpishi wetu. Nikamvizia siku tatu. Nikalificha hata kopo lake la chumvi mkobani mwangu. Jana nikamshtaki mbele ya Bi Zuhura na wateja wa chai.

Mama Koku hakukasirika. “Mwanangu, maji ya tangi yakikauka kidogo, huwa unaongeza nini?”

“Maji ya chumvi, kama yaliyomo!”

“Na mchuzi wa ndizi ukikaukia jikoni, mimi huwa naongeza chumvi, au maji matupu?”

Wateja wakaangua kicheko. Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa anautazama mkoba wangu, ambamo kopo la chumvi lilikuwa limechomoza.