Tuma Hapa Hapa Tuone

Miaka ile kampuni za simu zilikuwa zikigombania kuta. Maduka ya gulio letu, nje kidogo ya Migato, yalipakwa rangi ya kampuni moja, na baada ya muda nyingine ikaja kupaka juu yake. Mgeni angeziona kuta zile angedhani tumeunganishwa na dunia nzima. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikisomea shahada nikiwa nyumbani, na intaneti niliipata sehemu moja tu: juu ya kichanja cha mama cha kuanikia pamba.

Nilipanda pale jioni, baada ya vipindi. Nilizima picha zote ili kurasa zifunguke maneno matupu. Kazi za chuo nilizikata vipande vipande, maana faili zima halikuwahi kupita. Nikishabonyeza kutuma, naiacha simu palepale, nashuka kusonga ugali, halafu narudi kuangalia. Mara nyingi nilikuta imegoma, nikaanza upya.

"Mwanangu, umekuwa kuku siku hizi, unalala juu?" mama aliniuliza.

"Nasoma, mayu."

"Soma. Ila pamba yangu usiikalie, itachafuka."

Muhula mmoja kazi yangu ya mwisho ilifika chuoni muda ukiwa umepita, nikapewa sifuri. Nilimpigia mhadhiri. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mtu mwenye nia angehamia Bariadi mjini. Nilimjibu kuwa nia ninayo, nisichokuwa nacho ni mtandao, na watoto ninaowafundisha hawawezi kuhamia Bariadi pamoja nami. Akasema kanuni ni kanuni.

Nilikuwa bado na hasira hiyo kifuani gari la matangazo lilipoingia gulioni. Spika zilitetemesha mabati, vijana wakacheza, fulana zikarushwa. Ofisa wa kampuni akashika kipaza sauti: mtandao wa kasi umefika kijijini, nunua kifurushi, utawaona ndugu zako walio mbali kama mmekaa chumba kimoja.

Mama alikuwa kando yangu, ameketi na mafungu yake ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kaka yangu alikuwa amepata mtoto Dar es Salaam, na mama hajamwona.

"Nitamwona mjukuu wangu?" aliniuliza, na tayari anafungua fundo la kanga atoe hela.

Nikamshika mkono. "Subiri kwanza, mayu."

Nilipenya watu mpaka mbele. "Kaka, naomba kuuliza. Hapo una simu yako?"

"Ninayo, dada."

"Tupige picha sote hapa, uitume ofisini kwenu. Tuma hapa hapa tuone."

Alicheka, akapiga picha, akabonyeza. Muziki ukazimwa. Tulimzunguka, tukakitazama kile kiduara kikizunguka kwenye kioo. Akainua mkono juu. Akapanda kwenye bodi la gari.

"Leo mtandao unasumbua kidogo," alisema.

"Leo tu?" akauliza mwanamke mmoja nyuma yangu, na watu wakaanza kucheka. Mama akapaza sauti kwa Kisukuma kwamba kwake kuna kichanja, mgeni aje apande. Hapo gulio zima likaangua kicheko.

Ofisa aliniinamia. "Dada, unatuharibia kazi."

"Yangu imeshaharibika," nilimwambia. "Nimepata sifuri kwa huu mtandao unaousifia. Kawaambie waliokutuma kwamba tunataka mnara. Fulana tunazo."

Gari liliondoka mapema. Mama alifunga tena fundo lake.

Kesho yake mtendaji wa kata aliniita ofisini. "Serikali inakaribisha wawekezaji, wewe unawafukuza. Mwalimu mzima."

"Sijamfukuza mtu," nilisema. "Anayeuza kitu awe nacho. Ukitaka kuniandikia barua, niandikie."

Hakuandika. Mnara nao haukuja mwaka ule. Na mimi sikuhama. Somo lile la sifuri nililirudia, safari hii nikianza kutuma siku nyingi kabla ya mwisho, kipande baada ya kipande, na nikafaulu. Mtendaji alikaa muda mrefu bila kunisalimia. Nikawa namsalimia mimi, kila tulipokutana njiani, kwa sauti ya kusikika.